Chumba Kikavu cha Mgiriki

Mjomba wangu alinawa mikono mara tatu kabla ya kugusa vitabu vyake: mara mbili kwa sabuni, ya mwisho kwa maji matupu. Kisha alijifuta kwa taulo jeupe ambalo hata mkewe hakuruhusiwa kulishika. Kabla ya kula alinawa mara moja tu, tena harakaharaka.

Alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni hadi alipostaafu. Mtaani walimwita Mgiriki, kwa kuwa alikusanya vitabu vya kale vya mashairi ya Kigiriki, vilivyochapwa kwa ustadi na kujalidiwa kwa ngozi nyekundu yenye maua ya dhahabu. Kigiriki chenyewe hakujua hata herufi moja. Nilipomuuliza mashairi yanasema nini, alinitazama kama niliyemuuliza bei ya chumvi.

"Umesoma chuo, mpwa wangu, lakini jicho huna. Tazama wino ulivyokolea! Kusoma ni kazi ya makarani."

Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kimoja chembamba. Zamani vitabu vingine viliuzwa karatasi zikiwa zimekunjwa, kingo zimeungana, msomaji azichane mwenyewe kwa kisu. Hicho hakikuwahi kuchanwa. Kwa miaka mia mbili hakuna aliyekisoma, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Vitabu vilikaa katika chumba pekee kikavu cha nyumba ile. Kwingine kuta zilitoka jasho na kuota ukungu mweusi. Mkaza mjomba, mgonjwa wa kifua, alilala huko kwenye ukungu, akikohoa mpaka kitanda kinalia. Daktari alisema wazi: asipohamia pakavu, mapafu yatakwisha.

Nikaenda kumsemea.

"Mjomba, vitabu nivichukue kwangu, mama apate chumba."

"Kwako kuna watoto."

"Wanangu hawali ngozi, mjomba."

"Ngozi ikishika unyevu, basi tena."

"Na mapafu?"

"Mapafu yana dawa."

Mkaza mjomba alicheka pale mlangoni, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwache, mwanangu. Mimi sina maua ya dhahabu mgongoni."

Wiki iliyofuata alifunga mzigo wake ahamie kwangu. Kabla ya kutoka, mumewe akiwa kwa kinyozi, aliingia chumba kile na kisu cha vitunguu, akakaa kwenye kiti cha mwenyewe, akakichana kile kitabu chembamba ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, kama mtu anayefungua barua zake.

"Nilitaka kumwona mke mwenzangu," aliniambia. "Kumbe hana la kusema."

Siku ya tatu nilikwenda kumwarifu mjomba kwamba mkewe sasa analala usiku kucha. Nilimkuta na kitabu magotini, kisu bado kiko mezani. Hakuuliza anapumuaje wala anakula nini. Nilingoja, nikachoka, nikaaga. Aliniita nikiwa mlangoni, na sikurudi tena nyumba ile akiwa hai.

"Hebu muulize," alisema, "alinawa mikono?"