Vidole Vitatu vya Viua

Faruma ile niliikuta palepale ilipokuwa ikikaa siku zote, chini ya samadari, kitanda cha marehemu bibi, imefunikwa leso kuukuu kama mtu aliyelala. Baba ndiye aliyenituma. Amestaafu sasa, anashinda sebuleni na redio yake, na asubuhi hiyo alikuwa amefua kofia yake akataka pa kuianikia isije ikanywea. Kama hukukulia Mji wa Kale, huenda hujawahi kuiona faruma. Ni kigogo cha mbao kilichochongwa mfano wa kichwa cha mtu, kisicho uso, ambacho huvishwa kofia iliyofuliwa na kutiwa wanga mpaka ikauke na umbo lake.

Nilipoiondoa ile leso nikaona kigogo kina kofia tayari. Ilikuwa imekaa utosini tu, haikushuka hata karibu na mahali ambapo masikio yangekuwa. Niliijua mara moja. Uso ukanipata moto, mimi mtu mzima mwenye shahada, peke yangu chumbani, naona haya mbele ya kipande cha mti.

Niruhusu nikurudishe kwenye Ramadhani moja ya miaka ile ya tisini, kaskazi imepamba moto, mabati ya nyumba za Kuze, mtaa wetu, yanalia kwa joto, na maji ya mfereji yakitoka kwa kubahatisha. Mchana mtaa ulikuwa kimya, kila mtu akiuhifadhi ulimi wake. Ikifika asri ndipo mji ulipoamka: kinu kinatwanga iliki nyumba ya pili, mafuta yanachacharika, mkokoteni wa maji unagonga mawe ya kichochoro na mwenye nao anapiga kelele watu wapishe. Harufu ya tui likichemka na mbaazi ilipanda ngazi mpaka roshani ya bibi, na hapo ndipo nilipokuwa nikikaa, mkekani, nikiwa na sindano.

Bibi alikuwa akishona kofia za viua. Kofia hizi ni za kitambaa cheupe kilichoshonwa maradufu. Kwanza huchorwa maua kwa kalamu ya risasi, kisha kila ua hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi ukingoni mpaka kifanane na jicho la samaki. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na mkanda wa kuzunguka kichwa. Vyote viwili hushonwa mbalimbali, na kuunganishwa ni mwisho kabisa. Kazi hiyo haina ujanja. Kitundu ni kitundu.

Mwaka huo bibi alinipa kitambaa changu mwenyewe muda mrefu kabla ya mwezi wa mfungo, nikamaliza duara kwa msaada wake. Ukabaki mkanda. Basi usiku wa kwanza wa kufuturu, sinia iko katikati, jirani yetu wa kike amekuja na sahani ya sambusa, mimi nikatangaza: "Idi hii baba atavaa kofia niliyoishona mimi."

Jirani akacheka mpaka buibui likamdondoka begani. "Mashallah! Mkono mdogo, kinywa kikubwa!"

Baba aliiweka chini kaimati aliyokuwa anaitia mdomoni. Alikuwa karani wa watu wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa makaratasi na mihuri, si mwepesi wa kufurahi. Lakini uso ulimfunguka. "Kweli, mwanangu?"

"Kweli, Baba."

 Bibi alisubiri mpaka tulipokuwa tukiosha vyombo. "Nia mahali pake moyoni," aliniambia. "Ukiitoa nje hupigwa na upepo." Nikamuuliza upepo gani. Mimi tangu utotoni nilikuwa wa kuuliza. Akaniambia niteke maji.

Bibi alikuwa na taratibu yake. Kila siku baada ya asri alikitwaa kitambaa changu akatia nukta moja kwa kalamu ya risasi. "Leo twafika hapa." Nikifika, basi. Nikitaka kuendelea, aliichomoa sindano mkononi mwangu akaichomeka katika mto wa sindano. "Iache nayo ifuturu." Na siku ambayo mikono yangu ilikuwa mizito na koo limekauka, nukta ilikuwa palepale pa kawaida, haijasogezwa kwa huruma.

Nilimwona hana hesabu. Nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, nikamfanyia. Mkanda uliobaki ni huu, siku zilizobaki ni hizi. Kwa nini nishone kidogo kila siku? Kwa nini nisishone mara mbili siku nikiwa na hamu, nikapumzika siku ambayo wenzangu wanaruka kamba chini? Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Fanya hesabu yako." Siku ya pili hakutia nukta.

Ah, uhuru ule! Niliruka kamba. Nilikwenda na watoto wenzangu mpaka karibu na ngome kutazama watalii waliokunywa maji mchana bila haya. Hamu ya kushona mara mbili ilikuja siku chache, siku nyingine ikanisahau. Lakini sikuwa na wasiwasi, maana hesabu yangu karatasini ilikuwa bado inakubali.

Baba naye kila jioni akirudi kutoka bandarini Kilindini, kabla hajavua viatu, aliita kutoka chini ya ngazi: "Fundi! Imeisha?"

"Bado!"

"Basi Idi haijafika."

Ukawa mchezo wetu. Sikujua kwamba mchezo huo alikuwa akiucheza hata kazini. Alikuwa amewaambia wenzake wote, wa pwani na wa bara, kwamba Idi hiyo waje nyumbani kula, na waje waone kofia.

Sasa, ewe mwenzangu, utaniuliza kosa la hesabu yangu lilikuwa wapi. Nilihesabu mwezi wa siku thelathini. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, anayejua kwamba mwezi huandama kwa kuonekana na huweza kuandama siku moja mapema, nilikaa nikapanga kazi yangu mpaka siku ya mwisho ambayo hakuna aliyeniahidi. Magharibi ya siku ya ishirini na tisa, tende bado iko mdomoni, redio ikatangaza umeonekana. Mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mama alisimama akakimbilia jikoni kuanza tambi na kuku. Watoto walishuka ngazi kama mchele unaomwagwa.

Mimi nilikwenda roshanini nikautazama mkanda wangu. Ulikuwa umebaki upana wa vidole vitatu. Maua yake yalikuwa yamechorwa, hayajatobolewa hata moja.

Vidole vitatu ni kazi ya mchana mzima, na mchana wenyewe nilikuwa nimenyang'anywa. Nikakaa. Kisha akili yangu, ile iliyokuwa ya kwanza darasani, ikanipa shauri. Nilikikunja kile kipande kisichoshonwa kikaingia ndani, nikaunganisha ncha mbili za mkanda, nikavuta duara na kulikunjakunja ukingoni mpaka likakubali. Kabla ya adhana ya isha kofia ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimepunguza kichwa cha baba yangu ili niiwahi siku.

Bibi alikuja, mikono ina unga. Akaishika kofia, akaigeuza ndani, kidole gumba chake kikapita juu ya lile kunjo. Kikasimama hapo kidogo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi jikoni.

Mpaka leo najiuliza kwa nini hakuniambia. Nimesoma vitabu vya malezi, nimebishana na watu wenye shahada kubwa kuliko yangu, sijapata jibu linalonitosha.

Asubuhi ya Idi niliamka nikaikuta kofia juu ya faruma, imelowa. Baba alikuwa ameinyunyizia maji alfajiri, akaivuta na kuisukuma kwa viganja vyote viwili apate kuitanua. Haikutanuka. Niliporudi kutoka kuoga nilimkuta amesimama mbele ya kioo, kanzu imepigwa pasi, ananukia udi, kofia imekaa utosini kama kifuniko cha birika.

"Baba, usivae," nikamwambia. "Vaa ile ya zamani."

Alinitazama kwenye kioo. "Nimeshatia nia, mwanangu. Nia haigeuzwi mlangoni."

Akatoka. Nilimwona kutoka dirishani akishuka kichochoro, shingo imesimama wima kama mwanamke aliyejitwika mtungi, asije akaiangusha. Wavulana wa mtaa walikuwa barazani na nguo zao mpya. "Mzee, ishike, yaruka hiyo!" mmoja akapaza sauti, na wote wakaanguka kwa kicheko. Baba aliinua mkono, akawapa Idi njema, akaendelea kwenda, kidevu juu. Nilifunga dirisha.

Mchana wakaja wenzake wa kazini. Sebule ikajaa, pilau ikapakuliwa, na mimi nikatumwa kupeleka sharbati. Nilipofika mlangoni, mmoja wao, mtu wa bara mwenye sauti ya kujaza ghala, alikuwa ameshaanza.

"Karani, hebu nisaidie. Hiyo kofia ni ya kwako ama ni ya kikombe?"

Wakacheka. Baba naye akacheka. "Wewe hujui kofia, bwana. Hii si ya kichwa chote. Ni ya pale penye akili tu."

"Kama ni hivyo, basi imekuzidi!"

Sebule nzima ikavunjika. Mzee mmoja alipaliwa na wali, akapigwa mgongoni. Na baba, machozi ya kicheko yakimtoka, akaniona mlangoni na sinia langu. Nilitikisa kichwa kumwomba asiseme. Akasema.

"Ndoo hapa, mwanangu. Jamani, fundi mwenyewe huyu hapa."

Wote wakageuka. Yule mtu wa bara aliacha kucheka ghafla, akajipangusa mdomo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba aliacha. "Fundi," akaniambia kwa upole, "na mimi unishonee. Lakini yangu iwe kubwa, hii kichwa yangu ni ya mlimani."

Niliweka sinia mezani nikasema ahsante. Sikumbuki niliondokaje.

Siku za sikukuu zilipokwisha, bibi aliniita roshanini. Alikuwa na kofia mapajani. "Fumua hapa," akanionyesha lile kunjo. "Vidole vitatu tu. Sasa hakuna haraka."

"Ya nini, Bibi? Idi imekwisha."

"Kwani kichwa cha babako nacho kimekwisha?"

Nilikuwa mtoto ambaye akikosa jibu huondoka. Niliondoka. Bibi hakuifumua yeye. Aliivisha faruma, akaifunika.

Tangu hapo nimeweka malengo mengi na kuyafikia kwa siku zake. Mtihani wa darasa la nane, sekondari, chuo kikuu, kazi. Ofisini kwetu Nairobi tunaletewa watu wenye ubao mweupe na kalamu za rangi kutufundisha namna ya kupanga maisha. Lengo lisilo na siku, hutuambia, ni ndoto. Mimi hunyoosha mkono. Na siku ikifika kabla ya kazi kwisha, huuliza, mtu hukata nini? Wao hunitazama kama mkorofi, na wenzangu huguna, wakijua nimeanza tena. Sijawahi kuwaambia kwamba siulizi kwa ubishi. Shahada yangu yenyewe ina mahali ambapo nisingependa mtu apitishe kidole gumba.

Wale wa roshanini wamekwisha. Jirani alihamia kwa mwanawe Kisauni. Bibi tulimzika, na kalamu yake ya risasi ilikuwa bado imechomekwa katika mto wa sindano. Asri ya leo katika Kuze ni ya honi na televisheni, na kofia iliyokuwa ikidondoka maji kwenye beseni la baba ni ya mashine, imeshonwa nchi ambayo hakuna aliyejua ukubwa wa kichwa chake. Inamkaa sawasawa.

Niliketi kwenye samadari nikafumua. Uzi ulikatika wenyewe kwa uzee. Kunjo likafunguka, na yale maua yalikuwa yapo, mistari ya risasi imefifia lakini yasomeka, na kitambaa cha hapo ni cheupe kuliko kofia nzima, kwa sababu mikono wala vumbi havikuwahi kukifikia. Nikatafuta sindano ya bibi, nikaipata. Nikatia uzi. Nikatoboa kitundu cha kwanza.

Kisha mkono ukasimama. Sikukumbuka uzi huanza kwa juu au kwa chini. Nilijaribu huku, ukajifunga fundo. Nikajaribu kule, ukingo ukachanika. Nikaangalia mlangoni, kama mtu anayengoja kuambiwa, nikajua hakuna wa kuniambia, nyumba nzima na mtaa mzima.

"Umeiona?" baba akaita kutoka sebuleni. Alikuwa anauliza faruma. Nilikuwa bado nahangaika na fundo. Nikasikia redio ikipunguzwa, kama afanyavyo mzee anayekumbuka kilicho juu ya kitu alichokiagiza. Aliporudia kuita, sauti yake ilikuwa nyingine, ile ya chini ya ngazi, viatu bado miguuni.

"Fundi! Imeisha?"

Niliishika tena sindano. "Bado," nikasema.

"Basi Idi haijafika."