Siku Niliyonunua Vyungu Vyangu Mwenyewe

Nakumbuka siku moja niliyokuwa tajiri, mwanangu. Ilikuwa siku moja kweli, tangu asubuhi hadi jua la saa kumi, na utajiri wenyewe niliuvaa shingoni. Kaa vizuri nikusimulie. Ukicheka sitakukasirikia, maana nami nimejicheka miaka mingi.

Wakati huo Mjerumani ndiye aliyekuwa akitutawala. Kwetu ni Ikombe, kando ya ziwa, chini ya milima, ambako ardhi ya kulima ni kiganja tu, lakini udongo wa kufinyanga upo. Sisi Wakisi tuliishi kwa samaki na vyungu. Bei ya chungu haikuwa na ubishi: mnunuzi alikijaza mahindi, au mchele, au maharage, kisha yeye akachukua chungu nasi tukachukua kilichokuwamo. Chungu kikubwa, bei kubwa. Kidogo, bei ndogo. Hata mtoto hakuweza kupunjwa. Biashara hiyo ndiyo iliyonilea, lakini nilipofika miaka kama kumi na saba nilianza kuiona ya kishamba.

Dada yangu Tusa alikuwa ameolewa kisiwani Likoma, upande wa Waingereza, na mvuvi aliyemwona siku moja alipopumzisha mtumbwi wake pwani ya kwetu. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imekua, naye alitamani kuja kujifungua kwa mama. Mumewe alikubali, ila watu wa kwao wamfuate na kumlipia nauli. Basi baba akanituma mimi na mama mkubwa, dada yake mama. Nauli ya kwenda tuliilipa Mwaya, bandarini. Ya kurudi ilitakiwa kulipwa kulekule kisiwani, kwa shilingi za Mwingereza, na shilingi hatukuwa nazo. Tulikuwa na vyungu kumi.

Mpango ulikuwa rahisi, tuliupata kwa waliotangulia. Wanawake wa kisiwani hujaza chungu usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani. Mpishi wa meli hununua usipa kwa shilingi. Vyungu vitatu vya usipa, nauli ya mtu mmoja. Kwa hiyo vyungu tisa vingeturudisha watu watatu, na cha kumi tungempa mama mkwe wa dada, kwani mkono mtupu haulambwi. Meli ingetushusha, iende zake kusini, na siku ya nne ipite kutuchukua. Tukiikosa, nyingine ni baada ya mwezi, na mimba ya Tusa haikuwa na mwezi wa kungoja.

Sitaha ya meli ilijaa magunia ya mchele, kuku, mbuzi wawili na watu. Mimi nilishika kazi ya kulinda vyungu. Mbuzi akisogea, namfukuza. Mtu akinyoosha mguu, namwomba radhi aukunje. Mbele yangu walikaa wasichana wawili wa Mwaya, nao walivaa hela shingoni. Leo ninyi fedha zote mnaziita hela, lakini siku zile hela ilikuwa sarafu ya Mjerumani, na nyingine zilikuwa na tundu katikati, zikatungwa kwenye uzi kama ushanga. Wasichana wale wakicheka, hela nazo zinacheka. Nilitazama vidole vyangu vilivyokauka udongo, nikaona haya.

Siku ya pili asubuhi ziwa lilichafuka. Mama mkubwa akalala chali, hajiwezi, na kichefuchefu kilipozidi akavuta chungu kimoja karibu na kichwa chake. Ndipo alipokuja Kasimu, mchuuzi wa Mwaya, mnene na mcheshi, aliyekuwa akipeleka vitambaa kisiwani.

"Ugonile, binti," akaniamkia kwa lugha yetu, kisha akauliza kwa nini msichana mzuri ateseke na mizigo ya udongo kama mjane. Nikamwambia bei ya chungu ni kukijaza. Akacheka hadi tumbo likatikisika. Akasema nafaka hana, ila ana kitu chepesi zaidi. Akatoa uzi, akatunga hela moja moja mbele ya macho yangu, uzi ukajaa. Juu yake akaongeza rupia ya fedha, sarafu kubwa ya Mjerumani, yenye sura ya mzungu mwenye masharubu na ndege juu ya kofia. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kutazamwa na mwanamume kama yule wa kwenye rupia.

Wala Kasimu hakunidanganya. Kwa bei za Mwaya, fedha ile ingenunua vyungu kumi na viwili. Lakini Mwaya ndiko tulikotoka. Hilo sikulifikiri hata kidogo. Nikampa vyungu tisa, nikavaa uzi wangu, nikahamia upande wa wale wasichana nikakaa nao kama mwenzao. Cha kumi kilibaki kwa sababu mama mkubwa alikuwa bado anakitapikia.

Tulishuka kisiwani mchana. Dada Tusa alitupokea ufukweni akilia na kucheka, tumbo likimtangulia. Mama mkubwa, miguu yake ilipokanyaga nchi kavu, akili yote ikamrudia. Akaniuliza vyungu viko wapi. Nikamwonyesha shingo.

Hakunipigia kelele. Alinipokonya ile rupia, akanishika mkono hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo, akampa. Mama yule akaigeuza huku na huku, akamwita jirani yake, wakaitazama pamoja, wakaulizana huyu mwenye ndege kichwani ni nani. Kisha akampa mwanawe mdogo aichezee, na mihogo hakutupatia. Tukaichukua tena, tukaenda kwa mwingine, na kwa mwingine. Wengine walitaka kumwona ndege tu. Mwisho mama mkubwa akaketi juu ya mchanga, akaniketisha mbele yake.

"Chungu kila mwenye njaa anakijua," akasema. "Huyu mwenye masharubu anajulikana pale amri yake inapofika, na haifiki hapa. Ng'ombe haelemewi na nunduye, mwanangu. Wewe uliona mzigo, ukaitua nundu yetu majini. Sasa mwambie dada yako atarudi na nini."

Tusa alikuwa amesimama karibu, mkono kiunoni, na alikuwa amesikia yote. Aliniambia si kitu, atajifungulia hukohuko, na alivyosema hivyo nilitamani anipige. Alikuwa akiogopa. Wanawake wawili wa kijiji kile walikuwa wamefia uzazini mwaka huo, na mkunga wa pale alikuwa amezeeka hata macho hayaoni vizuri.

Tukamtafuta Kasimu. Tulimkuta amevipanga vyungu vyangu mstari mmoja, amevifuta vumbi, vinang'aa. Chema chajiuza: wanawake walikuwa wamekwisha kuvizunguka. Nikamwomba anirudishie vyote tisa, nimpe fedha yake yote. Akanitazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

"Binti, bei ya kununua ni moja na ya kuuza ni nyingine," akasema. "Katikati ya hizo mbili ndipo wanangu wanapokula."

Akanipa vitano. Nilitoa uzi wote, na rupia tuliyoinyang'anya kwa mtoto wa muuza mihogo, nikavinunua vyungu vyangu mwenyewe, nilivyovifinyanga kwa mikono hii. Kwenye kimoja kulikuwa na alama ya kidole changu. Mama mkubwa alikichukua kile cha kumi, akakisugua kwa mchanga mara tatu, akakinusa, akakisugua tena. Jumla vikawa sita. Yule aliyekijaza usipa kile cha kumi hadi leo hajui habari zake, nanyi msimwambie.

Vyungu sita ni nauli za watu wawili. Siku ya nne meli ilipotia nanga, mpishi alishuka akanunua usipa wetu. Tulikuwa watatu ufukweni, na shilingi zilikuwa mkononi mwa mama mkubwa. Tusa akaanza kusema yeye atabaki. Nikamkata kauli, jambo ambalo mdogo hamfanyii mkubwa wake.

"Nitabaki mimi," nikasema. "Anayengojwa na mama ni wewe."

"Sasa umejua bei ya vyungu vyako," akasema mama mkubwa, akampandisha dada yangu kwenye mtumbwi wa kuwapeleka melini.

Nililia hadi moshi wa meli ukapotea, kisha nikaona njaa. Mama mkwe wa dada, yule ambaye tulimwendea mikono mitupu, alinipa mkeka na sahani ya ugali wa mihogo bila neno la kunisuta. Asubuhi nikamwuliza wapi kuna udongo. Kando ya kijito fulani nikaupata, udongo mchache wenye mchanga mwingi. Vyungu vya kwanza vilipasuka vyote motoni. Nikaponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, nikavichanganya na udongo, vya pili vikatoka na kilema, vya tatu vikasimama. Wanawake wakaja. Nikawaambia bei yangu: nijazie nusu kwa usipa, nusu nipe peni za hapa, zile sarafu ndogo za Mwingereza. Usipa tulikula na mama mkwe, peni nikaziweka, na haba na haba hujaza kibaba. Mwezi ulipotimia nikapanda meli kwa nauli yangu, na nyuma nilimwachia mama yule chungu kizuri kuliko vyote.

Nilipofika Ikombe nilimkuta Tusa amekaa mlangoni, amekonda lakini mzima, na binti mchanga kifuani. Mama akanieleza. Uchungu ulimshika siku mbili. Mtoto alitanguliza miguu, na mama kwa mikono yake aliyotufinyangia sisi wote alimsaidia taratibu hadi akatoka. Alisema lau angekuwa kisiwani na yule kikongwe asiyeona, wangezikwa wawili. Nilimpokea mtoto, nikamkumbatia kwa nguvu hata wakaninyang'anya wakihofu nitamwumiza. Kwa uzi wa hela nilikuwa nimewauza hao wawili, na sikujua.

Sasa sikia, mwanangu, wewe unayevuka mto Songwe kesho kwenda ng'ambo ya mpaka na mchele wako. Fedha ni kitu kizuri, sikukatazi kuipenda. Lakini kabla hujapokea, uliza huko uendako wanapokea nini, na uwaulize walio huko, usimwulize anayekupa. Kuuliza si ujinga. Usiigeuze mali yako yote kuwa fedha ya aina moja. Bakiza mchele mfukoni mwa safari, maana tumbo la mtu ni lilelile kila upande wa mto. Ukibadilisha fedha, badilisha ya kukutosha tu, kwa kuwa kila inapogeuzwa mtu mwingine anamega kipande, na ukiigeuza kurudi anamega tena. Wala usimchukie anayemega, ana watoto. Zaidi ya yote, kabla hujauza kitu, jiulize kilikuwa cha kumfikishia nani nini. Na ukishakosea, kwa maana utakosea, ulipe wewe. Usimwachie mwenzio mwenye mzigo mzito kuliko wako.

Nenda basi. Mungu akuvushe mto ukiwa mkavu, akukutanishe na wanunuzi wenye njaa na wachuuzi wenye huruma, na akurudishe ukiwa na watu wako wote. Ukifika salama huko, mtu akikutendea wema mwambie ndaga, asante ya kwetu, nami nitakuwa nimeisikia huku.