Kibanja cha Hadija Hewani

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja wa vipindi alinionyesha taa nyekundu juu ya mlango wa studio. "Ikiwaka, uko hewani. Hata ukipiga chafya, Bukoba nzima imesikia." Nilipiga chafya asubuhi hiyohiyo, na simu za kunipa pole zikaingia mpaka adhuhuri. Nikaipenda kazi papo hapo.

Nilianza kwa kusoma matangazo ya vifo, kisha nikapelekwa Muleba kuwa mwandishi wa wilaya, nikikwama kisiwani Bumbire kila ziwa lilipochafuka. Waliponirudisha mjini, walinipa kipindi cha wanawake cha moja kwa moja, yaani likikutoka neno, limekwisha kutoka. Mimi, mwanamke Mwislamu wa mtaa wa Hamugembe, mbishi tangu utotoni, nilifurahi mno.

Siku nisiyoisahau ni ya Hadija, fundi cherehani wa Kashai. Baba yao alipofariki, kaka yake Twaha alichukua kibanja chote, migomba, kahawa na nyumba ya familia, kwa desturi ya ukoo kwamba binti harithi. Nilimketisha Hadija studio pamoja na shehe wa mtaa wao. Twaha akapiga simu.

"Shehe, sisi ni Wahaya. Kibanja hakiendi kwa mwanamke."

"Ulioa kwa utaratibu gani?"

"Wa dini, shehe."

"Na baba ulimzika kwa upi?"

"Wa dini."

"Kumbe Uhaya umeukumbuka ulipofika kwenye migomba. Dada yako ana fungu lake, nusu ya lako."

Nilicheka hewani, jambo lisiloruhusiwa. Hadija hakucheka.

"Nashukuru, shehe. Ila baba nilimuuguza mimi. Kwa nini nusu?"

Nyuma ya kioo, meneja alinipungia mkono nipige muziki. Nilijifanya sijamwona. Swali hilo wengi tulikuwa nalo moyoni, na nilitaka lijibiwe mbele ya watu.

Shehe alimgeukia Hadija. "Kuuliza si kosa, mwanangu. Fungu sina mamlaka ya kulibadili. Lakini Twaha hajakatazwa kukuongezea."

Twaha akakata simu. Mji ulibishana wiki nzima, misikitini na sokoni, na wapo walioniita mharibifu wa wake za watu. Niliumia, lakini kipindi kilichofuata simu zilikuwa nyingi kuliko tulivyoweza kupokea.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama mjadala wa redio hubadilisha kitu. Majuzi Twaha alikuja kwangu, mkungu wa ndizi begani.

"Ma Zaina, ulinifedhehesha mkoa mzima."

"Pole, baba. Umeniletea ndizi za kibanja chako?"

"Za Hadija. Tuligawana sawasawa. Mimi nimetumwa tu."