Saini ya Sulle kwenye fulana mpya

Ukungu bado umelalia mahindi ya kijiji cha Daudi, wilayani Mbulu, na Oliva Akonaay ameshaanza kukanyaga cherehani barazani. Anashona fulana za mbio za shule. Kila akimaliza moja anaigeuza, anaitazama kifuani, ndipo anashusha pumzi.

"Naangalia kama ina saini," anasema. "Usinicheke."

Nicheke nini, jamani? Kaka yake, Sulle, alikuwa mkimbiaji wa marathoni. Miaka mitatu iliyopita aliingia msitu wa Nou kufanya mazoezi, hakutoka. Kijiji kizima kilimtafuta. Mwisho walimaliza msiba bila kaburi.

Mwaka huu mwalimu Festo, anayekusanya kumbukumbu za wanariadha, alinunua mnadani Balangdalalu fulana yenye saini ya Sulle. Akaipeleka kwa mtaalamu wa saini mjini Arusha. Jibu likaja: ni yake, haina shaka. Festo akaenda kumwonyesha Oliva, furaha tele.

"Nilipoishika, nikaujua mshono wangu," anasema Oliva. " Fulana hii nimeishona mimi, na kitambaa nilinunua mwaka jana. Sulle angeisaini saa ngapi?"

Mama yao, Odilia, alikuwa pembeni anasikia. Tangu siku hiyo hafungi mlango usiku. Humwekea mwanawe ugali na maziwa, hukaa akimngoja. Baridi ya huku si ya mchezo. Ameshalazwa kwa kichomi.

Oliva akaamua kumpima mtaalamu. Alichukua fulana nyeupe, akaiga saini ya kaka yake, akampa Festo aipeleke bila kumweleza kitu. Jibu likawa lilelile: ni ya Sulle, haina shaka.

"Nikamkimbilia mama. Nikamwambia, mama, huyu mtu anakosea! Ile nimeandika mimi!"

Mama akamshika mkono wa kulia, akaugeuzageuza. "Ulipoandika, mwanangu, huu mkono ulikuwa wako?"

Oliva anakiri hakutazama mfano wowote, na mkono haukusita.

Nilimpigia simu mtaalamu. Alisema zote mbili ni za Sulle, akakata.

"Mimi nataka mama afunge mlango, alale," Oliva ananiambia. "Yule mtu amekosea. Lazima awe amekosea. Nikimpoteza na mama, nitabaki na nani?" Leo, anasema, ataufunga mwenyewe.

Jioni naaga. Mama Odilia amesinzia karibu na moto. Oliva anakwenda mlangoni, analisukuma komeo hadi nusu. Anasimama, anasikiliza upande wa mahindi.

Kisha analirudisha komeo taratibu, na kuuacha mlango wazi.