Chai ya Dirisha la Nyuma

Siku yangu ya kwanza jikoni mwa shule ya bweni ya wasichana, upande wa Kimumu, Mzee Barno, mpishi mkuu, hakuniuliza kama najua kupika. Alinipa mwiko mrefu kunishinda akasema, "Mama Awuor, hawa wasichana watakusamehe githeri iliyoungua. Chai mbaya hawasamehi." Shule niliachia darasa la sita, lakini chai niliijua upesi: maziwa ya ng'ombe wa shule, majani yachemke mpaka rangi ikolee, sukari mwisho. Muhula haujaisha nikawa naitwa Mama Chai, na hicho ndicho cheo pekee nimewahi kupewa.

Wakati huo neno lishe hatukulijua. Tulijua kushiba. Mzee Barno alitufundisha kuchemsha mboga ya sukuma mpaka inalegea kama kitambaa, maji yake tunamwaga kwa mtaro, na vitamini nyingi zinaenda nayo. Hilo ni kosa lake, nalisema, ingawa naye alifundishwa hivyo. Na chakula cha mchana lazima kilikuja na kikombe cha chai, maana huku mtu akila bila chai anaona hajakaribishwa.

Kisha mkuu wa shule, mama wa kuvaa suti hata Jumamosi, akatuletea Chepkemoi. Msichana mdogo, diploma ya lishe, viatu vyeupe jikoni. Alibandika chati ukutani: wanga wa ugali unaleta nguvu, protini ya maharagwe inajenga mwili, mafuta kidogo yanasaidia vitamini fulani kuingia, matunda na mboga zinakinga magonjwa. Niliisoma pole pole nikiwa peke yangu, asinione. Vyakula hivyo nilikuwa navipika miaka yote. Yeye alikuja na majina ya kitabuni tu, akapewa ofisi.

Ilinichoma, sikatai. Lakini iliyonimaliza ni chai.

"Madini ya chuma ndiyo yanasaidia kutengeneza damu," alisema mbele ya wapishi wote. "Yako kwa maharagwe na mboga, lakini chai inayashika tumboni, mengi hayaingii mwilini. Kuanzia leo chai ni saa kumi. Mchana ni chakula na chungwa. Chungwa linasaidia chuma kuingia."

"Kwa hivyo nimekuwa nikiwapa sumu?"

"Sijasema hivyo, Mama." Akaangalia viganja vyangu vilivyopauka. "Na wewe, unakunywa na chakula?"

Nikaificha mikono chini ya aproni. Nilipojifungua mtoto wangu wa tatu nilibakisha kidogo tu nife. Damu ilikuwa chini, nikaongezewa ya watu. Hakuna aliyemwambia. Aliona mkono tu, na nikamchukia zaidi.

Wasichana wakamhamia. Madam, nifanye nini na ngozi? Madam, nywele zinakatika! Mimi na sufuria yangu tukabaki tukingoja saa kumi. Alibaki Sharon peke yake, mkimbiaji kutoka Chepsaita, kidato cha tatu. Mchana mmoja alikuja kwa dirisha la nyuma.

"Mama Chai, usinitupe. Kakikombe kamoja tu."

"Madam wako akisikia?"

"Huyo? Si hata maji yakichemka anasoma kwanza kitabu!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikampa. Kesho yake pia, na siku zote zilizofuata.

Nilijua nesi wa shule alimpata na upungufu wa damu. Nilijua Chepkemoi anampimia mboga ya managu na maharagwe mwenyewe, na vidonge vya damu juu yake. Sharon alikuwa akivimeza vile vidonge hapo dirishani, kwa chai yangu. Niliona kwa macho yangu. Nikanyamaza, kwa sababu mtu mmoja bado alinitaka mimi.

Wiki chache kabla ya mashindano ya shule, Sharon alianguka mazoezini. Chepkemoi alikuja jikoni akakaa juu ya gunia la maharagwe, analia.

"Mama Awuor, nimekosea wapi? Nampa kila kitu na damu haipandi. Mkuu ameniuliza kama diploma yangu ni ya karatasi tu."

Moyo wangu ulifurahi, sitadanganya. Ulifurahi kwa muda wa kuosha kikombe kimoja. Kilikuwa cha Sharon.

"Anakunywa chai kwangu," nikasema. "Kila mchana. Na vidonge."

Aliniangalia sana. Nilingoja anipeleke kwa mkuu. Alisema tu, "Funga hilo dirisha, Mama," akatoka. Hakunishtaki mpaka leo, na hata kwa hilo namwonea wivu.

Sharon alikosa mashindano. Muhula uliofuata damu ilipanda. Mimi magoti yalinitoa kazini kabla ya umri wa kustaafu.

Juzi Sharon alinitembelea. Ni mtu mzima, amesomea lishe, anafanya kazi kliniki. "Sababu ya Madam," alisema, kama hajui ananichoma. Nilimpikia maharagwe na managu. Chupa ya chai ilikuwa mezani. Alipoinyooshea mkono nikaisogeza.

"Bado. Kula kwanza, halafu ngoja saa moja ipite."

Akacheka. "Mama Chai! Unaongea kama Madam."

Nimetukanwa na wakubwa wengi kwa ile jikoni. Hakuna tusi lililonichoma kama hilo. Nikamwongezea maharagwe, nikamenya chungwa, nikaliweka kando ya sahani yake.