Kisiwa cha Mawe Mbele ya Bandari ya Mutsamudu

Siku yangu ya kwanza kazini Moroni, Mkuu wa kituo chetu cha kuchunguza volkano alinirushia jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikafumba macho. Likanitua kifuani kama andazi.

"Hilo ni pumisi," akasema. "Volkano ikilipuka chini ya bahari, lava hujaa hewa, ikapoa, ikaelea. Ukiiona, pima kwanza, kelele baadaye."

Nilijifunza kusoma sesmografu, mashine ichorayo mitetemeko ya ardhi, kisha nikahamishiwa Mutsamudu. Huko ndiko kujitenga kwa kisiwa cha Nzwani na serikali ya Moroni kulikonikuta. Mimi mtu wa Ntsoudjini, kisiwani Ngazidja, na mke wangu mjamzito amebaki kwetu! Ruhusa ya kupanda mashua aliitoa Kamanda wa bandari, naye Wangazidja hakutaka hata kuwasikia.

Asubuhi moja bahari ikaamka imefunikwa na kitu cha kijivu. Kamanda akaniita.

"Fundi, wenzako wametuletea nini?"

"Ni mawe, Kamanda. Yanaelea."

"Mngazidja akiniambia maji yamelowa, nitakwenda kuyagusa kwanza! Hicho ni kisiwa kipya. Tutakipandia bendera kabla Moroni hawajakiona. Kikiwa mawe matupu, nenda kwa mkeo. Kikiwa kisiwa, hutoki hapa ng'o!"

Sajini wake akapelekwa kwa mtumbwi, akakumbatia bendera, akaruka kwa madaha. Wakazama wote wawili, yeye na bendera. Alipoibuka, ndevu zimejaa changarawe, nikajua nimepona.

"Bado kibichi," Kamanda akasema. "Tutangoja kikauke."

Nilimwona akilini mwanangu akizaliwa, akitambaa, akioa, nami bado nangoja pumisi ikauke.

Aliyeniokoa ni Koko Zaliha, bibi mwenye nyumba niliyopanga. Aliokota jiwe ufukoni, akajisugulia kisigino mbele ya askari. "Kikauke nini, mwanangu? Na msimu huu wa harusi!" Punde wanawake wa medina, mji wa kale, wakateremka na vikapu, wameingia maji hadi kiunoni, wakichota kisiwa cha watu. Kamanda alifungua kinywa kuwazuia, akamwona aliyetangulia ni mama yake mzazi. Akakifunga.

"Panda mashua," akaniambia, bila kunitazama.

Nilifika Ntsoudjini mke wangu akiwa ameshikwa na uchungu. Binti yetu alipolia, nililia kumshinda, wala sikuona haya.

Kesho yake nikaripoti kituoni. Mkuu alisikiliza yote: mawe, vikapu, sajini. Akafunga mlango, akaniinamia.

"Sasa niambie kweli," akanong'ona. "Bendera yetu umeipanda?"

Nimestaafu, vijana wangu, na volkano nimezielewa kiasi. Wakubwa, bado.