Shimo Mahali pa Tuta

Siku za likizo zilikuwa zinakwisha, Kunigunda Kapinga alikuwa karibu kurudi masomoni Ujerumani, na baba yake alikuwa bado hajamwekea mkono wa baraka kichwani. Nyumbani kwao Maguu mtoto haendi safari ndefu bila mkono huo. Mzee Tadei hakukataa, aliahirisha tu. Kila binti alipoligusia jambo hilo, mzee alikumbuka kuku, au kahawa, akatoka nje.

Aliyemfumbulia mambo ni mama yake, Emiliana, akiwa jikoni anakaanga usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa kutoka Liuli.

"Baba yako anaona aibu. Wakitoka kanisani watu wanamwuliza, binti yako anasoma nini huko miaka yote? Anajibu, vitu vidogo. Vidogo kama nini? Hajui. Jirani yetu Othmar naye ameeneza kwamba unahesabu viroboto wa Wazungu. Sasa atabariki safari ya viroboto?"

Kunigunda alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa anaandika tasnifu ya fizikia. Alishajieleza mbele ya maprofesa kwa Kijerumani na Kiingereza, lakini hakuwahi kumpa baba yake hata sentensi moja aliyoielewa. Jioni ile alijaribu. "Ni mambo ya umeme, baba, ule unaopita kwenye waya." Mzee akachangamka, akamwuliza kama basi ataweza kuinyoosha ile nguzo iliyoinama karibu na zahanati.

Kesho yake waliingia shambani. Ulikuwa mwezi wa tatu, wakati wa kuandaa mashimo ya ngolo kwa ajili ya maharage. Kwa Wamatengo mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza mteremkoni kwa mistari inayokatana, kama wavu wa dirishani. Mwanamke hufuata na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Nyasi huoza ndani ya tuta, mvua hutuama shimoni, na mlima hubaki mahali pake. Lakini goti la mzee lilikuwa limevimba, kwa hiyo yeye alikaa juu ya jiwe na binti akashika kazi ya kiume, mama yake akifuata nyuma na jembe.

Othmar mwenyewe alipita na jembe begani. "Kaka Tadei! Siku hizi nyasi zinapangwa na wanawake?"

"Nyasi hazijalalamika," alisema mzee.

"Shikamoo, baba mdogo," Kunigunda alisema.

"Marahaba, mama. Viroboto hawajambo?" Akaenda zake akicheka peke yake.

Kunigunda aliendelea kulaza nyasi kwa hasira. Matuta ya msimu uliopita yalionekana vizuri, yamenyooka, akayafuata. Mzee alimwacha kwa muda, kisha akapaza sauti.

"Simama! Unaweka tuta juu ya tuta?"

"Si mistari ipo tayari, baba?"

"Hiyo ni ya zamani! Nyasi zinapita juu ya shimo la zamani, hapo ndipo tuta linapoinuka. Tuta la zamani linachimbwa, linakuwa shimo. Huko Ulaya wamekufuta kichwa?"

Kunigunda aliinama kuziokota nyasi. Akasimama nazo mkononi, akiutazama mteremko.

"Baba, hii ndiyo kazi yangu."

"Kuharibu shamba?"

"Sikiliza. Ndani ya umeme kuna chembe, zinaitwa elektroni. Sisi tunazifungia kwenye shamba jembamba mno. Zinaweza kwenda mbele na pembeni, juu haziwezi. Halafu chini yake tunaweka shamba jingine kama hilo, karibu sana, bila kugusana. Elektroni haivuki."

"Ndiyo."

"Lakini zinachukiana. Ya juu haitaki kukaa mkabala na ya chini. Kwa hiyo palipo na elektroni juu, chini panakuwa na nafasi tupu."

Mzee alilitazama shamba lake. "Shimo mahali pa tuta."

"Hapo hapo! Na ukizisukuma za juu zitembee, za chini zinaburutwa nazo, ingawa hakuna aliyezigusa."

"Mimi hapa nakuelekeza wewe. Wao nani anawaelekeza?"

"Hakuna. Ni ule uadui tu. Mashamba yakisogezwa karibu zaidi, kwenye sumaku kali na baridi ya kutisha, kila elektroni na nafasi yake tupu zinatembea pamoja, na yale mashamba mawili yanakuwa kitu kimoja. Mimi natafuta yanakuwa kitu kimoja yakikaribiana kiasi gani."

"Na ukijua, tutapata nini?"

"Sijui, baba. Labda vyombo visivyopoteza umeme kwa joto. Labda tutakuwa tumejua tu."

Mzee alilikanda goti. Baadaye Othmar aliporudi, alimkuta amesimama, ameegemea fimbo.

"Othmar, njoo hapa. Mimi na wewe tumegombana miaka mingapi kuhusu mpaka?"

"Mingi. Na mpaka wenyewe ni ule ule mwembamba."

"Nikifyeka mimi, na wewe unafyeka. Nikipanda, unapanda. Nani anakuburuta?" Akamweleza yote, mashamba mawili, uadui, nafasi tupu. Sumaku aliiruka. Kunigunda alifungua mdomo airudishe; mama yake akamkanyaga mguu.

Othmar alikuna shingo. "Kumbe si viroboto."

"Si viroboto," alisema mzee Tadei. Akamgeukia binti yake, akamwekea mkono kichwani, juu ya udongo na nyasi zilizomo nyweleni. "Nenda, mwanangu, na Mungu akutangulie. Kazipange hizo elektroni zako. Nyasi zangu hutazigusa tena."

Akaanza kuzipanga upya yeye mwenyewe, akichechemea.